Jopo la Madaktari wa Jikoni

"Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana kwa kina na kwa urefu, Jopo Kuu la Madaktari wa Ulaya, lililofanya kikao chake cha mia na moja katika jumba lenye nguzo arobaini, linawatangazia wagonjwa wote wa ini, wa mjini na wa shamba, wakubwa kwa wadogo, kwamba dawa imepatikana. Dawa hiyo ni vitamini. Mgonjwa hata awe amefika ukingoni, hata kama tumbo limejaa na macho yamegeuka manjano, akimeza vitamini asubuhi, mchana na jioni kwa siku arobaini, ini lake litarudi kuwa changa kama la ndama. Tangazo hili limetolewa leo Jumatano, tarehe kumi na mbili Desemba, 1962. Atakayebisha atatozwa faini."

Jopo hilo lilikuwa na mjumbe mmoja. Mjumbe huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, alikuwa amekalia mbuzi ya kukunia nazi katika jiko la ami yake huko Timbwani, Likoni, na muhuri wa Jopo alikuwa ameupiga kwa kitako cha kikombe alichokichovya katika wino mwekundu. Jina lake lilikuwa Faraj.

Faraj alilelewa na Ami Barakat tangu akiwa na miaka minne, baba yake alipofariki. Alipomaliza skuli ya hapa pwani alipelekwa bara, kwenye shule ya bweni, akajifunza Kiingereza, aljebra, kunywa uji usio na sukari, na sanaa aliyoipenda kuliko hizo zote, nayo ni kuandika matangazo. Huko bwenini aliwahi kubandika tangazo kwamba samaki wa Ijumaa amesimamishwa masomo kwa utovu wa nidhamu, na mwalimu wa zamu akaenda jikoni kuuliza kulikoni. Alichapwa viboko vinne. Faraj aliona ni bei nafuu.

Kila likizo aliporudi Likoni alikuja na tangazo jipya. Likizo ya Agosti lilikuwa la feri: kuanzia Jumatatu hapana abiria atakayevushwa akiwa amekula kitunguu kibichi, na Mkaguzi Mkuu wa Pumzi atasimama langoni. Alilibandika kwenye mlango wa duka la ami yake, duka la sufuria, sinia na mabakuli, ambapo watu walikuwa wakipita siku nzima kuelekea kivukoni. Wazee wawili walirudi nyumbani kusukutua.

"Barakat," alisema Kahindi, jirani aliyeuza nazi mkabala na duka, "mtoto huyu ukimzidishia masomo atatuuzia bahari."

"Nawe utainunua," Ami Barakat alimjibu, akacheka mpaka akapangusa macho kwa ncha ya kikoi.

Kicheko hicho ndicho Faraj alichokuwa akikitafuta mwezi wa Desemba. Alimkuta ami yake amelala ndani mchana kutwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku za mvua. Mwili ulikuwa umepungua mabegani na kuongezeka tumboni. Weupe wa macho ulikuwa umeingia rangi kama ya embe bivu. Alipouliza, Bi Ruwaida, mkewe ami, alimwambia ni nyongo. Waliokuja kumjulia hali waliambiwa ni nyongo. Na nyongo, kwa kadiri alivyojua Faraj, ni maradhi ya wazee wanaopenda samli, yanayokuja na kwenda kama mgeni asiye na haya. Kwa hivyo akaona hakuna ubaya kulifanyia ini mzaha kidogo. Mtu huchekwa na maradhi yake, naye akiyacheka huwa yamekwisha nusu. Hiyo ndiyo falsafa aliyokuja nayo kutoka bara, nayo ilikuwa falsafa ya mtu ambaye hajawahi kuumwa na chochote zaidi ya jino.

Asiloambiwa ni hili. Siku mbili tatu kabla hajafika, Ami Barakat alikuwa amevuka kwenda hospitali kubwa ya kisiwani, akifuatana na Phineas, dresa wa zahanati ya Likoni, yaani mfunga vidonda na mgawa dawa, awe mkalimani wake. Daktari alizungumza kwa muda mrefu, na Phineas akafasiri kwa maneno machache. Ami Barakat alimshika Phineas mkono akamwapisha asimwambie mtu. Alipofika nyumbani alimwambia mkewe jambo moja tu.

"Ijumaa, inshallah, baada ya sala, nitakwenda Changamwe."

Bi Ruwaida alikuwa akichambua mchele. Aliweka ungo chini. Changamwe alikuwako mtu mmoja tu wa kuendewa, naye hakuwa ametajwa kwa jina katika nyumba ile kwa miaka kumi na mmoja.

Mtu huyo ni Kuluthum, dadake Ami Barakat wa tumbo moja. Alipofiwa na mume wa kwanza, alitaka kuolewa na fundi mmoja wa bandarini, mtu wa kutoka bara aliyeitwa Kamau, ambaye alikuwa amesilimu akaitwa Ramadhani. Wazazi wao walikuwa wameshakufa, na walii wa Kuluthum alikuwa kaka yake. Yeye ndiye aliyepaswa kushika mkono wa bwana harusi na kusema, nakuozesha dada yangu. Ami Barakat alisema mbele za watu, "Mkono wangu huu hautashika mkono wa mtu ambaye wino wa jina lake haujakauka." Kuluthum akaenda kwa kadhi, kadhi akamwozesha. Mwanamke wa nyumba yenye wanaume akaozeshwa na serikali, kama yatima. Kuanzia siku ile hawakusemezana, na kadiri miaka ilivyopita Ami Barakat alizidi kujua kwamba kosa lilikuwa lake, na alizidi kushindwa kulitamka. Sasa alikuwa na miezi miwili, labda mitatu, na hakutaka kwenda kaburini akiwa na deni la radhi ya dada yake shingoni.

Hayo Faraj aliyajua baadaye, tangazo lilipokuwa limeshasomwa.

Siku ile ya Jumatano, baada ya alasiri, aliingia chumbani na karatasi yake, akaketi ukingoni mwa kitanda, akakohoa kama karani wa mahakama.

"Ami, kuna habari katika gazeti la Wazungu. Nimekufasiria."

"Haya, soma."

Faraj akasoma. Kwenye jumba lenye nguzo arobaini akanyamaza kidogo, kwa sababu hapo ndipo alipopanga kicheko cha kwanza kiingie. Hakikuingia. Kwenye ini la ndama akanyamaza tena. Ami Barakat alikuwa ameinuka kwa kiwiko, amemkazia macho yake ya manjano.

"Soma tena."

"Lote, ami?"

"Pale pa mgonjwa aliyefika ukingoni."

Faraj akasoma tena, mara hii bila ile sauti ya kikarani.

"Na hayo yameandikwa gazetini?"

"Naam, ami."

"Gazeti la Wazungu wenyewe?"

"La wenyewe."

Neno natania lina herufi saba. Faraj alikuwa na uwezo wa kulitamka kwa lugha mbili, na kwa Kiingereza angeweza hata kulipamba. Hakulitamka. Ami Barakat alikuwa ameshateremsha miguu sakafuni, anatafuta makubadhi yake kwa vidole, na uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo Faraj hakuiona tangu afike. Alidhani hiyo ni aina nyengine ya kicheko. Alijisemea, nitamwambia kesho. Mfa maji hukamata maji, na Faraj hakujua kwamba aliyekaa mbele yake alikuwa akizama.

Jioni ile, akiwa uani, aliwasikia wakizungumza chumbani.

"Changamwe itangoja," alisema Ami Barakat.

"Mume wangu, kanzu nishaitoa sandukuni," alisema Bi Ruwaida. "Nenda tu. Dawa utaimeza huko huko."

"Nende na macho haya? Akinifungulia mlango atakiona kifo kwanza, kisha ndio anione mimi. Atanisamehe kwa kunihurumia, na hiyo si radhi, hiyo ni sadaka. La. Wazungu wamesema siku arobaini. Nikiwa mzima nitakwenda kwa miguu yangu, nimwambie nilikosa, na akitaka kunifukuza anifukuze. Ndio haki yake."

Faraj aliyasikia maneno yote, na hakuyafahamu hata moja. Alikuwa akimfundisha paka wa Bi Ruwaida kupiga saluti.

Asubuhi alikwenda zahanati. Phineas alikuwa mtu mrefu mwembamba, mwenye kaptura nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali ya kisu, na Kiswahili cha bara kisichozunguka.

"Vitamini? Za nani?"

"Za ami yangu. Za ini."

Phineas aliacha kuhesabu bandeji. "Nani amesema vitamini ni za ini?"

"Wataalamu," alisema Faraj. Kisha, kwa sababu Phineas aliendelea kumtazama, akaongeza, "Nilisoma mahali."

"Ulisoma mahali." Phineas alifunga mlango. "Wewe kijana, unasoma shule kubwa. Unajua ami yako ana nini?"

"Nyongo."

"Ana kansa. Ninyi huku mnaiita saratani. Iko ndani ya ini, na imekuwa kubwa, hata mimi naweza kuishika kwa mkono. Daktari alisema hakuna cha kukata. Mimi niliapa nisiseme, sasa nimevunja kiapo kwa sababu yako. Kama kuna mtu amemwambia hizi zinaponya, huyo mtu amefanya vibaya sana."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Faraj hakuwa na tangazo.

"Lakini," alisema kwa sauti ndogo, "haiwezekani labda zikamsaidia? Hata kidogo? Labda kuna daktari mahali anajaribu."

"Labda wako wanaojaribu. Watu wanajaribu kila kitu. Mimi sijasikia mgonjwa kama yeye amesimama kwa vitamini." Phineas alifungua kabati, akamiminia vidonge vya manjano katika karatasi, akaikunja. "Chukua. Hazitamdhuru, na pengine atapata hamu ya chakula. Mkojo wake utakuwa manjano kali sana. Hiyo ni rangi ya vidonge. Mwambie asiogope. Na hayo mengine pia umwambie, wewe mwenyewe, leo."

Njia nzima Faraj alijipanga. Angesema: ami, nilikosa, nilikuwa nikicheza. Sentensi ilikuwa fupi. Aliirudia akipita msikitini, akairudia akipita kwa Kahindi, na alipofika mlangoni alisikia harufu ya mchuzi wa samaki na sauti ya Bi Ruwaida akiimba polepole jikoni. Ami Barakat alikuwa amekaa barazani, ameoga, amevaa kofia.

"Waona, Faraj? Leo nimeomba chakula mwenyewe. Vidonge viko wapi?"

Faraj akampa.

Kuna mambo ambayo mtu huahirisha kwa siku moja, na siku hiyo huzaa watoto. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, ami alikwenda msikitini badala ya Changamwe, na watu wakampa mkono wa pongezi. Mtu hawezi kusema jambo kama lile siku ya Ijumaa. Jumamosi Bi Ruwaida alitoka chooni na bakuli la enameli, akamwita Faraj alitazame, na uso wake uling'ara.

"Hebu angalia. Manjano tupu, kama bizari. Nyongo yatoka, Faraj. Alhamdulillahi, maradhi yashuka."

Katika nyumba ile, na nyumba zote za jirani, kila mtu alijua kwamba nyongo ikishashuka mgonjwa amepona. Bibi zao waliwafundisha hivyo. Bi Ruwaida alimwonyesha jirani wa kulia, na jirani wa kushoto akaja mwenyewe. Faraj peke yake ndiye aliyejua kwamba ile ilikuwa rangi ya kidonge. Alisimama mbele ya bakuli, mwanafunzi wa shule kubwa, akasema, "Alhamdulillahi."

Kwa muda wa siku kumi na tano, au kumi na sita, Ami Barakat alikuwa na uzima wa kuazima. Alirudi dukani. Alikwenda sokoni akabishana juu ya bei ya papa. Alimtaka Faraj asome hadharani, kama zamani, maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa kitakoni mwa sinia, na kuwaambia wateja, "Sikizeni, chatoka kama maji ya bomba." Kila alipomeza kidonge alisema bismillahi na kuhesabu: ya kumi na moja, ya kumi na mbili. Siku moja alimwuliza Faraj kama Changamwe siku hizi basi linafika mpaka nyumba za wafanyakazi wa bandari, au mtu hushuka akatembea.

"Lafika, ami. Kwa nini usende kesho?"

"Bado siku ishirini na sita."

"Lakini ami, hata sasa wewe u mzima."

"Macho," alisema Ami Barakat, akajigusa chini ya jicho. "Bado macho."

Faraj hakuweza kumwambia kwamba macho hayangebadilika. Kufika hapo alikuwa ameshauliza, Bi Ruwaida ameshamwambia habari ya Kuluthum, ya kadhi na ya Ijumaa ile. Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa juu ya gunia la makaa. Kwa muda mrefu alitafuta mzaha wa kujisaidia, kama mtu anayetafuta kiberiti katika mifuko yote, wala hakuupata.

Mwanzo wa Januari miguu ilivimba. Kisha tumbo likapanda mpaka Ami Barakat akawa hawezi kulala chali. Alikataa kuacha vidonge. Usingizi wake ukawa mzito wa namna nyengine, akiamka husema maneno ya jana kana kwamba ni ya leo. Faraj aliona kwamba siku arobaini hazitatimia, na kwamba mtu yule hataondoka kitandani mpaka zitimie, kwa sababu ndivyo Jopo lilivyosema. Basi akafanya kile tu alichojua kufanya. Alichukua kalamu, akaenda jikoni.

"Jopo Kuu la Madaktari wa Ulaya, baada ya kikao cha mia na mbili, linawajulisha wagonjwa kwamba utafiti mpya umeonyesha yafuatayo. Vitamini haifanyi kazi mwilini mwa mtu mwenye ugomvi na nduguye. Mgonjwa asingoje siku arobaini. Amwite nduguye haraka, amtake radhi, kisha ndipo ameze dawa."

Alitazama maandishi yake. Hapakuwa na nguzo arobaini, wala faini. Alipiga muhuri kwa kikombe kile kile, kikombe kikateleza na muhuri ukatoka mara mbili.

Ami Barakat alisikiliza amefumba macho. Faraj alipomaliza alidhani amelala.

"Faraj."

"Labeka, ami."

"Soma tena mwisho."

"Amwite nduguye haraka, amtake radhi, kisha ndipo ameze dawa."

Ami Barakat alifumbua macho. Yalikuwa manjano kabisa, lakini ndani yake alikuwamo yeye mwenyewe, mwenye duka, aliyejua sinia yenye ufa kwa kuigonga ukucha.

"Wazungu wa wapi hao, mwanangu, wajuao radhi?"

Mlango ulifunguliwa mbele ya Faraj kwa mara ya pili, na aliyeufungua ni mwenye nyumba mwenyewe, tena kwa upole. Alikuwa na hiari ya kuingia. Alitazama karatasi.

"Ndivyo ilivyoandikwa, ami."

Ami Barakat akanyoosha mkono, akaichukua ile karatasi, akaitia chini ya mto, mahali alipokuwa ameiweka ile ya kwanza.

"Basi nenda Changamwe," alisema. "Mwambie Kuluthum kaka yake amwita. Usiongeze neno."

Faraj hakuongeza neno. Alivuka feri, akapanda basi, akashuka akapanda jengine, akaulizia nyumba. Kuluthum alikuwa mwanamke mrefu, mwenye paji la uso la Ami Barakat, na mikono yake ilikuwa na unga. Alimtazama kijana aliyesimama mlangoni, akamjua kwa kufanana na marehemu baba yake.

"Shikamoo, shangazi. Ami Barakat akuita."

"Marahaba." Alipangusa mikono. "Kasema hivyo kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

Hakuuliza jengine. Alivaa buibui juu ya nguo ya jikoni, akamwachia jirani ufunguo wa mumewe aliyekuwa kazini, wakaondoka. Ndani ya feri alisimama muda wote ameshika chuma cha pembeni, midomo yake ikicheza, kama mtu anayejifunza hotuba au anayeisahau.

Walipofika, Ami Barakat alikuwa ameshaingia katika usingizi ule usioamshwa. Bi Ruwaida alimwita sikioni, akamwambia aliyekuja. Hakujibu. Kuluthum aliketi chini kando ya kitanda, akamshika mkono, mkono ule ule uliokataa. "Kaka, ni mimi. Nimekuwia radhi," alisema. Akangoja. Akasema tena. Aliyasema siku mbili mfululizo, kila alipomnywesha maji kwa pamba, na hakuna aliyejua kama yalifika. Ami Barakat alifariki Alhamisi asubuhi, na alasiri akazikwa. Ramadhani Kamau alikuja kutoka bandarini na nguo za kazi, akasaidia kubeba jeneza, na hapana mtu aliyemkataza.

Siku ya tatu, hitima iliposomwa na watu wakaanza kutawanyika, Kuluthum alimwita Faraj katika chumba cha marehemu. Kitanda kilikuwa kimeshatolewa godoro. Alikuwa amekaa kwenye kiti, na mapajani mwake palikuwa na karatasi mbili.

"Ruwaida kaniambia nduguyangu alitia nia kuja kwangu Ijumaa, tarehe kumi na nne Desemba, kisha akaghairi," alisema. "Nami Changamwe nilikuwa nikiletewa habari. Watu walisema, Barakat amepona, yuko sokoni, yuko dukani, acheka na watu. Nikasema, mtu awezaye kufika sokoni awezaje asifike kwangu? Basi hajataka. Nililala na neno hilo mwezi mzima. Hata nilipokuwa nikimwambia nimekuwia radhi, neno hilo lilikuwa hapa." Alijigusa koo. "Chini ya mto wake nimekuta hizi. Ni nini?"

"Ni matangazo, shangazi."

"Ya nani?"

"Ya Jopo Kuu la..." Sauti ilitoka yenyewe, ile ya kikarani, akaichukia kabla haijafika katikati.

"Faraj. Mume wangu kanifundisha kusoma. Hapa pana jumba lenye nguzo arobaini, na ini la ndama, na faini. Na pana tarehe, Jumatano, siku mbili kabla ya Ijumaa aliyoghairi. Mimi si daktari. Mimi nataka kujua jambo moja tu, na sina wa kumwuliza tena. Nduguyangu aliacha kuja kwa sababu hakunitaka, au kwa sababu ya hii?"

Nje watu walikuwa wakikunja mikeka. Faraj aliitazama karatasi ya kwanza.

"Kwa sababu ya hiyo," alisema. "Alikutaka, shangazi. Alitaka kuja akiwa mzima, ili usimsamehe kwa huruma. Nilimsikia akiyasema, nikawa nacheza na paka. Hakuna jopo. Hakuna dawa. Nilitaka acheke. Kesho yake Phineas aliniambia kweli nzima, nikarudi hapa na vidonge, nikanyamaza, na kila siku nikanyamaza."

Kuluthum alinyanyua karatasi ya pili, yenye muhuri uliopigwa mara mbili, akamwonyesha.

"Hiyo nilidhani itarekebisha," alisema Faraj. "Naye alijua. Aliniuliza Wazungu wa wapi wajuao radhi. Aliniuliza kwa upole, shangazi, alitaka nimwambie tu, nami nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa." Alijipangusa pua kwa mkono wa kanzu, kama mtoto wa chuo cha Kurani. "Ni mimi niliyeandika. Zote mbili."